Roboti Ilikata, Wifi Yangu Ndiye Anahojiwa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mwezi haujaisha maana nimekwama, mimi ni fundi wa majaribio katika kampuni inayotengeneza roboti za upasuaji, sasa kuna mkono wa roboti ulikuwa ukifanya kazi kwa muda wa saa mbili unapata moto na kushtuka, kidogo tu, upana wa punje ya mchele, nikaandika ripoti, bosi akajibu kwa baruapepe, "Jaribu ukiwa baridi, wateja wanasubiri," nikaujaribu asubuhi, haukushtuka, nikaandika "umepita" nikatia sahihi, na mkono huohuo ukamkata mama mmoja mshipa wa figo akiwa mezani, yu hai lakini figo imekwenda, na muuguzi wa zamu aliyebonyeza vitufe vya roboti alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mwezi wa pili huu anahojiwa na polisi kwa uzembe, kampuni inadai hakufuata maelekezo na inataka nikaandikishe maelezo hayohayo polisi kabla ya mwisho wa mwezi. Jana jikoni akaniuliza, "Wifi, au kweli nilikosea kubonyeza?" nikageukia sufuria. Nikisema kweli si nitafungwa mimi?

Fundi Mwenye Sahihi

Fundi, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mimi nakupa, kisha nakugombeza. Mtu anakuuliza kama ana hatia, wewe unakoroga sufuria! Ulijua. Bosi wako alijua zaidi. Roboti haipandishwi kizimbani. Wanaopaswa kupanda ni waliojua ni mbovu wakaiuza hivyohivyo. Nani hasa ana hatia, mahakama itaamua.

Na wewe usijione msafi, sahihi ni yako. Ila fundi aliyeonya akashinikizwa ana la kujitetea. Anayewadanganya polisi ili mwenzake afungwe hana.

Kwa hiyo usifute ripoti wala ile baruapepe. Tafuta wakili wako mwenyewe, si wa kampuni, hata akikuita dada kwa sauti tamu. Nenda naye kwa wapelelezi wiki hii useme yote, pamoja na jaribio lile la asubuhi. Watajie na hospitali zenye mikono ya aina hiyo, kwa sababu kuna mgonjwa atalazwa chini yake kesho. Kazi ikiota mbawa, utapata nyingine.

Lakini kwanza weka gazeti hili chini, nenda kwa wifi yako, mtazame usoni umwambie, "Hukukosea kubonyeza."