Nitrojeni Yangu Si Uchafu

Zuhura mwanangu,

Barua hii siifungi. Asome atakaye, hata hao walimu wako wa ng'ambo wakitaka wasomewe. Darasa la tatu lilinitosha. Mkono uliofua majembe ya Pangani nzima hauwezi kushindwa na kalamu.

Wewe ulishika mvukuto kabla hujajua kufunga mtandio, na hilo kovu la cheche kiganjani mwako ulilipata kwangu. Unakumbuka harufu? Nikichoma kwato za mbuzi, Bi Mwanaidi jirani anatoa kichwa dirishani: “Mfua chuma, leo unachoma jini gani?” Nami namjibu, “Mumeo!” Siku moja ulicheka mpaka ukaachia mvukuto, moto ukalala. Kwato tukazisaga, tukazishindilia koponi pamoja na kisu cha nondo, tukaziba kwa udongo, tukafukia kwenye makaa. Nondo ni chuma laini, lakini kisu kikitoka humo, hata tupa ya kunolea inateleza juu yake bila kukikwaruza.

Kisu kimoja ulikwenda nacho huko ng'ambo unakosoma. Juzi ukanipigia simu kwamba mmekitia kwenye mashine inayorusha ayoni, vijichembe vya mbio visivyoonekana, na kwa vile vinavyorudi mnajua ngozi ya chuma ina nini. Mkakuta nitrojeni imejaa. Mwalimu wako akasema haiwezekani, pimeni tena. Mkapima mara tatu, iko pale pale. Ukaniambia na mengine: mashine za namna hiyo mnazitumia pia kupigilia nitrojeni ndani ya chuma ili kiwe kigumu. Nikacheka, Zuhura. Jumba zima la mitambo, kwa kazi ya kwato!

Halafu ukasema lile neno. Walipokuuliza imetoka wapi, uliwajibu, “Labda ni uchafu.”

Uchafu? Uliona haya kutaja kwato mbele ya wenye makoti meupe. Mtandao haukukatika siku ile. Nilikata mimi.

Sasa nakwambia, na sikubembelezi. Juma lijalo unasimama tena mbele yao. Simama useme: ni kwato za mbuzi, kafanya baba yangu, na moto nilivukuta mimi. Wakicheka, waache wamalize, kisha wape tupa wajaribu. Ukishindwa kusema, nirudishie kisu changu. Hakikai na mtu anayekionea haya.

Wakiuliza kinafukiwa muda gani, waambie baba kakataa. Hilo ayoni zao haziwaambii. Waje hapa Mwera, waniamkie shikamoo, ndipo nifikirie.

Ni mimi baba yako, mwenye kisu.