Dakika Kumi na Moja Ulizozima

Wekesa,

Nimeandika habari za vifo kwa miaka ishirini na miwili na sijawahi kusahau kuuliza saa. Nani, wapi, lini, vipi. Jumanne mke wako aliponipigia nikiwa Westlands, nje ya mkutano wa wanahabari, akasema, "Mwandishi, Wekesa ametuacha," mimi nilimuuliza, "Ametuacha akaenda wapi?" Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika chochote. Mpaka sasa sijui ulikufa saa ngapi. Najua tu kwamba ulianguka ukinyoa ndevu, na kwamba mlipofika hospitali kule Upper Hill hakukuwa tena na haja ya kukimbia.

Mshtuko huo ningeumeza, kama nilivyomeza mingine. Nakuandikia kwa sababu ya ule wa pili, ambao ni kazi ya mkono wako.

Kamati ya mazishi imenipa niandike wasifu wako. Tunakusafirisha Bungoma Ijumaa ijayo. Kibanda chako cha video kule Kangemi kimefungwa, na mtu ambaye hatujamjua ameweka ua la plastiki kwenye kufuli. Jana watu wa mjengo walipita wakitoka kazini, wakasoma karatasi mlangoni, wakasimama na viatu vyao vyenye saruji. Mmoja akasema, "Sasa nani atatuambia Wafilipino wanasema nini?"

Nilitaka kuwaeleza watu wa kwenu kazi hiyo. Kwamba uliketi kando ya televisheni na maikrofoni, ukapunguza sauti ya sinema, ukawasemea wote kwa Kiswahili: mwanamke kwa sauti yake, mwanamume kwa yake, mama mkwe kwa sauti ya mama yako mzazi. Kwamba kila mwanamke wa Manila kwako aliitwa Nafula. Nilitaka mfano mmoja, maneno yako yenyewe, na nilijua ni yapi. Kwa hiyo Alhamisi nilimwomba mkeo, Mama Simiyu, flashi yako yenye sinema. Jana mchana, mume wangu Musyoka akiwa kazini, nikaitafuta ile ya wapenzi wawili.

Unaikumbuka. Miaka kumi iliyopita nilikuwa nimemwacha Musyoka huko Uthiru na kupanga chumba nyuma ya kibanda chako. Hakunipiga, hakuwa na mwanamke wa nje. Nilimwacha kwa kimya chake. Mama yake alinitukana mezani kwa sababu sikuwa nimezaa, na yeye akaendelea kutafuna. Nilikaa kwako wiki sita. Hukuniuliza kitu hadi Jumapili ile uliponigongea mlango: "Mwandishi, toka huko ndani. Leo nina Wafilipino. Wewe unapenda ukweli, kuja uone ukweli."

Ukweli, ulisema.

Nilikaa kwenye benchi la mbele na akina mama mboga. Wapenzi wale walikuwa wamekaa pamoja miaka saba bila harusi, kila mmoja na kazi yake na zamu yake, wakizungumza kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. Mwanamume akakubali kazi ng'ambo bila kumwambia mwenzake. Mwisho wake ni jikoni. Mwanamume amepika wali ukaungua, mwanamke amesimama na sanduku. Anasema kwa muda mrefu, na wewe ukamsemea, taratibu, bila mizaha yako: "Nimefungasha, nimefungua, nimefungasha tena. Nimechoka. Pakua huo wali ulioungua, tule." Kisha ukazima televisheni. Akina mama wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Hata mimi ningekula!"

Jioni ile ile nilirudi Uthiru. Musyoka alikuwa jikoni na sufuria ya githeri. Nikamwambia nimetoka kwako kuona sinema ya Wafilipino, ile ya wapenzi wa vikaratasi. Nikaweka mkoba chini. Nikasema, "Pakua, tule." Mutheu alizaliwa mwaka uliofuata.

Jana nilitazama sinema hiyo na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, ambayo wewe uliyafunika na kipande cha katoni kwa sababu, ulidai, yanawachanganya watu. Nilifika jikoni. Wali umeungua. Mwanamke ana sanduku. Na anasema hivi: Siondoki kwa sababu sikupendi. Naondoka kwa sababu nilishaondoka kitambo na hukugundua.

Anatoka. Mlango unafungwa. Sinema inaendelea dakika kumi na moja. Anapanga nyumba nyingine. Anapika wali wa mtu mmoja, anacheka na jirani. Yuko salama, Wekesa. Ni huzuni, lakini yuko salama.

Nilirudisha nyuma mara nne. Nilisoma kila mstari, nikaandika kwenye daftari, kama ninavyofanya na hotuba ya waziri. Hakuna "pakua". Hakuna "tule". Mimi ambaye sichapishi jina la mtaa bila kuuliza watu wawili, nilirudi kwenye ndoa kwa neno la shahidi mmoja mwenye maikrofoni.

Nikampigia Mama Simiyu. Nilidhani labda nakala yako ilikatika, labda Kiingereza kile kilikupita. Alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. "Hiyo? Si ilituletea kelele! Jumamosi aliwaachanisha, Jumapili akawarudisha. Kuna fundi mmoja wa mjengo alikuja siku zote mbili. Akamwambia, 'We Wekesa, si jana huyu dame alienda?' Wekesa akamjibu, 'Jana alikuwa hajafikiria vizuri.'"

Kwa hiyo ulijua. Nilikasirika, nikasahau hata kuzima. Nilikuwa nimekaa hivyo, sinema ikiendelea, Musyoka alipoingia. Yeye na mafundi wenzake walikuwa wamemaliza mapema kutengeneza lifti kwenye jengo fulani la Westlands. Alisimama nyuma ya kiti na mfuko wake wa spana, akatazama yule mwanamke akipika wali wa mtu mmoja.

"Hii naijua," akasema.

Unajua alichoniambia, kwa sababu ulikuwepo. Kwamba Jumamosi ile alikuja Kangemi kunitafuta, akakuta nimeenda kazini. Kwamba ulimwambia, "Shemeji, kaa hapa, umngoje," ukampa kiti karibu na mlango. Akaona mwanamke akiondoka. Akaona dakika zote kumi na moja. Akalia mbele ya watu wa mjengo, akaenda zake kabla sijarudi. Musyoka hakuwa amewahi kuniambia kwamba alilia. Alinieleza yote hayo bila kutua chini mfuko wa spana.

Kisha akasema: "Kesho yake ukaja, ukaniambia umetoka kuiona hiyo hiyo. Nikajua, huyu ameona mwanamke mwenzake akienda, na bado amerudi. Ukasema, 'Pakua, tule.' Mama Mutheu, mimi tangu siku hiyo sijanyamaza mezani."

Ni kweli. Mama yake alipokuja Krismasi ile na kuanza, Musyoka aliweka kijiko chini na kumjibu. Nilifikiri ni umri.

Sikusema chochote jana. Fikiria hilo. Safari hii mimi ndiye niliyenyamaza. Mume wangu ametengeneza maisha yake juu ya jambo ambalo sikulifanya. Anadhani nilichagua kinyume na sinema. Nilifuata sinema, ila ilikuwa yako. Ukaona machozi ya mtu mmoja Jumamosi, ukabadilisha maneno ya mwingine Jumapili, ukakaa na siri hiyo miaka kumi, ukija kwetu kula chapati na kuniuliza, "Mwandishi, mambo ya ukweli yanaendeleaje?"

Sijui kama ningerudi bila wewe. Nimejiuliza tangu jana, na jibu la uaminifu ni kwamba sijui.

Wasifu wako nimeumaliza. Nimeandika ulizaliwa lini, umeacha mke na watoto watatu, na kwamba ulikuwa mtafsiri wa sinema. Neno "mtafsiri" nimelifuta na kulirudisha mara mbili. Nimeliacha. Hilo ni kosa la kwanza kuliandika nikilijua.

Lakini kwa Musyoka siwezi kuliacha. Kesho tukitoka kanisani Mutheu ataenda kwa binamu zake, na nyumba itakuwa yetu. Nitaketi naye jikoni na nimwambie nilisikia nini siku ile, na nani alikisema. Huenda akanyamaza tena. Huenda nikalazimika kuondoka, au kubaki, na safari hii nikijua mwisho. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: nitamwambia kwa mdomo wangu, bila mtu wa kunisemea.

Weka maikrofoni chini sasa, Wekesa. Lala. Tutaonana Bungoma Ijumaa, na usithubutu kusema neno.

Mwende