Kopo ya kwanza

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Bunia tuko muzima. Nyanya yako amevuna maharagi, anakusalimia sana.

Unasema patro wako, ule bosi wa kazi huko Kisangani, anataka upake rangi tiyo, ile mabomba ya maji yenye kutu, badala ya kuzibadilisha. Unaniuliza utii? Apana!

Wakati ya Zaïre, niliitwa kule Kasenyi, pembeni ya ziwa, kubadilisha tiyo za maji ya kunywa mu bato ya tanga ya zamani. Mwenye bato akasema: "Badilisha zile wageni wanaona. Za nyuma ya mbao, acha." Zilikuwa zimeoza! Na miye nikaacha.

Siye mafundi wa maji tulikuwa na desturi: ukimaliza kazi, ni weye unakunywa kopo ya kwanza, watu wote wakiangalia. Nikakunywa maji yenye ladha ya misumari, nikacheka. Kuniona vile, wanamaji nao wakakunywa, na wakaugua tumbo siku mingi.

Mwenye bato, hata tone moja hakugusa. Ile inaniuma mupaka leo.

Kabla ya kushika burashi, mupe patro wako kopo ya kwanza.

Babu yako