Vitambaa Vyeupe Juu ya Spika Zako

Mutwiri,

Spika zako bado ziko kwangu, kwenye stoo ya mama yangu pale Kanyakine, juu ya mbao ili unyevu usizipande. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Usingeuliza watoto wangu wanaendeleaje wala mahindi yametoka vipi. Ungeuliza, "Koome, spika ziko wapi, na nani ameshikashika waya zangu?" Ziko salama. Moja bado ina ule mkwaruzo wa Mikinduri. Nyingine inakoroma ukiongeza besi, lakini ilikoroma hata ukiwa hai, na wewe fundi mzima ulikataa kuitengeneza. Ulisema imejifunza kutoka kwa bendi.

Ni mwaka na miezi miwili tangu tukuzike. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Mara nilijiambia sina nafasi, kazi ya shule ni nyingi. Mara nilijiambia wafu hawasomi. Huenda ni kweli hawasomi, lakini si hilo lililonizuia. Kuna jambo moja naogopa kuliandika. Nitaliandika, ila uniache nilizunguke kidogo kwanza, kama ulivyonizoea.

Unakumbuka ile kaseti isiyo na jina uliyoiokota kwenye meza ya kaseti za injili, pale sokoni Meru? Tulikuwa kidato cha tatu. Tulitarajia kwaya, tukasikia gitaa linanguruma kama kinu cha posho kilichomeza jiwe. Mimi nilitaka kuizima kabla babako hajatoka shambani. Wewe ulisimama katikati ya nyumba, mdomo wazi, kisha ukasema, "Rudisha." Tuliirudisha mpaka betri zikaisha, na nadhani maisha yako yote yaliamuliwa siku hiyo. Yangu nayo yaliamuliwa nusu.

Baadaye wewe ukafungua kibanda cha kutengeneza redio, mimi nikaenda chuo cha ualimu. Tukasikia kwamba Embu kuna vijana watatu wanaopiga rock ndani ya banda la kuku lililoachwa, wanaitwa Kutu. Hakuna redio iliyowataka. Hakuna ukumbi uliowataka. Hata kuku, ulisema, walikuwa wamehama. Tukaenda kuwasikiliza, na Wanja, mwimbaji wao, alipofungua mdomo, ulinishika mkono kwa nguvu hadi ukaniachia alama. Ulipotoka pale ulikuwa umeshajipa kazi bila kuombwa na mtu: lazima watu wawajue hawa.

Ndivyo *Kelele Safi* ilivyozaliwa. Kurasa mbili za fotokopi, zilizoandikwa Kiswahili ili Mmeru na Muembu wasome bila kugombania lugha ya nani. Tulizibandika kwa vinyozi, kwenye mahoteli ya chai, kwenye mlango wa kibanda chako. Mimi nilikuwa mhariri kwa sababu nilijua koma inakaa wapi. Wewe ulikuwa kila kitu kingine.

Na ulikuwa na sheria moja tu. Hatudanganyi. Tulipoipeleka Kutu Mikinduri siku ya soko, nilirudi nikaandika kwamba mji mzima ulitetemeka. Ukachukua kalamu ukanifuta. Ukaandika: "Walikuja watu saba. Wawili walikuwa wanakimbia mvua. Mvua iliisha, na wote saba wakakaa mpaka mwisho." Nikakwambia, hivyo si kutangaza bendi, hivyo ni kuifukia. Ukanijibu, "Koome, ukisifu uongo leo, kesho ukisema ukweli nani atakuamini?" Toleo lile ndilo lililosomwa kuliko yote. Watu walitaka kuiona hiyo bendi inayofanya mtu asahau kwamba mvua imeisha.

Sasa nafika kwenye vitambaa.

Rock haikulisha spika zile. Matanga ndiyo yaliyozilisha. Jumamosi tulizikodisha kwa mazishi na harusi, Jumapili mchana zikarudi kwa Kutu na wenzao. Shida ilikuwa stika. Ulikuwa umezibandika spika zote mbili stika za Kutu, lile fuvu la ng'ombe lenye pembe ndefu, na gundi uliyotumia ni ile ya viatu. Kwenye mazishi ya kwanza mchungaji alilitazama fuvu lile muda mrefu kuliko alivyolitazama jeneza. Ndipo mama yako akatushonea vitambaa viwili vyeupe, vyenye lesi pembeni, vya kufunika spika mbele. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi spika zako zilikuwa zimeokoka, na kila Jumapili zinarudi duniani. Tulicheka sana kwa hilo. Mama naye alicheka. Shika hapo, kwamba Mama alicheka.

Kisha ukaenda Kiambere kutafuta ukumbi. Nilipaswa kuja nawe, nikasema nina mkutano wa walimu. Ulirudi na homa, ukasema ni mafua, ukameza dawa za mafua. Sisi watu wa mlimani hatujui mbu wa bonde na malaria yao. Wiki iliyofuata nilikukuta hospitalini huwezi kushika kikombe. Hata hapo ulikuwa unaniambia ukumbi una mwangwi mzuri. Siku mbili baadaye hukuwepo tena. Nilikasirika, Mutwiri. Nilikukasirikia wewe, nikaukasirikia ule mkutano wa walimu, ambao sikumbuki hata ulihusu nini.

Kamati ya mazishi ikakaa nyumbani kwenu. Mwenyekiti wake alikuwa yule yule mwenyekiti wa bodi ya shule yangu, mzee wa kanisa, nawe unajua nilikuwa nasubiri nini kutoka kwake. Nafasi ya naibu mwalimu mkuu ilikuwa wazi. Wakanipa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wako, maana nani angekujua zaidi? Mwenyekiti aliniambia sentensi mbili tu. "Mwalimu, andika kitu cha kujenga. Kutakuwa na wageni." Basi. Hakusema nifiche chochote. Mengine yote niliyajaza mwenyewe.

Asubuhi ya mazishi nilifunga spika zako kwa mikono yangu, moja kila upande wa hema. Nikatoa vile vitambaa kwenye begi, nikavitandaza juu ya stika, nikanyoosha lesi. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilikuwa imezoea, na ilikuwa Jumamosi.

Kutu walifika kutoka Embu wakiwa na fulana zao nyeusi, Wanja amebeba gitaa lisilo la umeme. Alinijia pembeni. "Koome, si utupee dakika tatu tu? Hatutaki hata maiki. Tupige ule wimbo wake, tukae chini." Nikamtazama mwenyekiti kule mbele, kisha nikamtazama Wanja. Nikasema, "Leo hapana. Ratiba imejaa. Kaeni kule nyuma kwa ndizi." Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, mwalimu." Miaka yote ile hakuwahi kuniita mwalimu.

Nikashika maikrofoni. Nikasoma kwamba marehemu alikuwa fundi wa redio, mpole, mwenye bidii, aliyelihudumia kanisa kwa vyombo vya sauti. Nikasoma kwamba alipenda nyimbo za injili. Kutu sikuitaja. *Kelele Safi* sikuitaja. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ndiye niliyekuwa kata, na kata ilisimama mbele ya watu ikaapa kwamba mtungi haukuwahi kutiwa kitu ila maji. Petro alikana mara tatu, lakini hakupewa maikrofoni. Mimi nilikukana kwa spika zako mwenyewe, na zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Watu wakasema amina. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipopaswa kujua nimeharibu, maana hakuna mtu aliyewahi kukuzungumzia dakika kumi bila mwingine kucheka.

Hilo ndilo nililoliogopa. Lakini kuna lingine dogo zaidi, na ndilo linaloniamsha. Tulipomaliza kurudisha udongo, Mama alinishika mkono akauliza, "Wanja yuko wapi? Sijawaona watoto wa Embu." Walikuwa hatua thelathini kutoka pale, nyuma ya migomba, hawajala. Nikamwambia, "Walichelewa, Mama. Gari liliwaharibikia."

Miezi mitatu baadaye nikapewa ofisi ya naibu. Ina dirisha na kiti kinachozunguka. Nimekikalia, sikatai. Kila mwenyekiti akiingia nasimama, na nikisimama nakukumbuka.

Mwezi uliopita nilienda kumwona Mama kuhusu ibada ya kumbukumbu yako. Wanataka kuweka msalaba wa saruji. Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye uteo. Kando yake palikuwa na katoni, na ndani yake matoleo yote ya *Kelele Safi*, Mutwiri, yote, hata yale mawili ambayo sisi wenyewe tulipoteza. Ulikuwa ukimpa moja kila mara, na yeye husomewa na mjukuu. Akaanza kusema, kwa Kimeru chake cha polepole, nami sitakiandika kama alivyokisema kwa sababu kikiandikwa kinaniumiza zaidi. Alisema siku ile alikaa akingoja kusikia habari za Kutu. Akangoja kusikia za Mikinduri na mvua. Hazikuja. Akafikiri labda ni machozi yamemziba masikio. Halafu akafikiri amekosea matanga, amekaa kwenye mazishi ya mtoto wa mama mwingine.

Nilidhani nilikuwa namkinga, unaona. Kwa mwaka mzima hicho ndicho nilichojiambia, kwamba nilifanya vile ili mama mjane asiaibike mbele ya kanisa. Mama aliyewapikia Kutu mukimo kila walipokuja. Mama aliyemfundisha Wanja kuchagua ndizi za kupika. Hakuhitaji kukingwa na mtu. Nilikuwa najikinga mwenyewe, na nikamfanya yeye mwavuli.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu migomba, na kwamba gari halikuharibika. Alichambua maharagwe mpaka yakaisha. Sikuthubutu kunyanyuka. Kisha akaniuliza, sasa kwa Kiswahili, kile anachotumia kwa wageni na kwa watu aliowakasirikia:

"Koome, ile vitambaa niliwashonea ilikuwa ya mazishi ya watu. Nani alikuambia nimeshona ya kufunika mtoto wangu?"

Maji yakimwagika hayazoleki, najua, na siombi uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Ulikuwa na rafiki mmoja anayejua koma inakaa wapi, na siku uliyomhitaji aandike sentensi moja ya kweli, aliandika za kumfurahisha mwenye kiti.

Nisamehe. Hapana, usinisamehe bado. Subiri Jumapili.

Jumapili ndiyo ibada. Nimemwomba Mama nisome wasifu upya, naye amekubali kwa sharti kwamba atausikia kabla ya mtu mwingine. Alinirudisha mara mbili. Mara ya kwanza alisema bado naongea kama mtu wa mkutano. Mara ya pili alisema nimesahau homa ya Kiambere, kwamba hata kitandani ulikuwa unasifu mwangwi. Nimeiweka. Nimeweka pia migomba, na aliyewapeleka huko. Mwenyekiti atakuwa kiti cha mbele kama kawaida yake. Naogopa, siwezi kukudanganya, sheria ni sheria. Kiti kinachozunguka kinaweza kuzunguka na kumpata mtu mwingine. Na kikizunguka, nitarudi darasani na chaki yangu.

Nilimpigia Wanja. Akasema, "Tutakam. Lakini ni juu ya Mutwiri na Mama. Wewe bado nakuangalia." Nikamwambia ni haki yake. Watakuja na gitaa la umeme na ngoma zote, na nafasi yao iko kwenye ratiba, imepigwa chapa, baada ya sala na kabla ya chakula. Nimeiandika mwenyewe ili nisiweze kusema imejaa.

Vitambaa nimempelekea Mama. Alivinusa, akasema vina harufu ya stoo, akavifua na kuvianika kwenye ua. Vitafunika sufuria za mukimo siku hiyo, nzi wasitue. Kwa hiyo hata nikipata woga asubuhi ile, nikaingiza mkono kwenye begi, sitakuta kitu cha kufunikia. Fuvu lako litawatazama wote, mchungaji na kamati nzima.

Nimeumaliza wasifu kwa maneno yako, maana sikupata bora kuyapita. Nimesema ulikuja kwetu ukatafuta watu wasiosikika, ukawasikiliza, na ukakaa mpaka mwisho. Nami nakuahidi nitausoma mpaka mwisho.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Besi nitaiongeza mimi mwenyewe. Ukisikia mkoromo kule chini, usihangaike, hakuna kilichoharibika. Ni wewe unatajwa.

Koome