Picha ya Fundi Gwak Ukutani

Miezi miwili hujatia mguu mgahawani kwangu, halafu unaniandikia gazetini kana kwamba tunakaa nchi mbili! Supu yangu imekukosea nini? Jina umelificha, nami sitalitaja, ingawa uchochoro mzima wa mafundi chuma unalijua. Kusoma sijui, mjukuu wangu amenisomea mara mbili. Wengine nao wasikie:

"Mpendwa Bibi Malsun, nisaidie, kichwa kimenivurugika, mimi na wasanii wenzangu watano tulikodi karakana tupu hapa uchochoroni, mmoja ni Duy wa kutoka Vietnam, na tuliposikia karakana zitavunjwa zijengwe hoteli nikasema nipige picha mafundi wote wazee ili jiji lijue hapa wanaishi watu, nikawapiga, wakacheka, wakanipa viazi vitamu vya kuchoma, nikazisafisha kwa nyeusi na nyeupe, nikazitia fremu nyeusi zipendeze, nikazipanga ukutani, na kwa kuwa mtaro ulikuwa unanuka Duy akawasha udi chini ya picha hizo, mara mke wa fundi Gwak akatokea, akaona picha ya mumewe, akapiga yowe akakaa chini, na tangu siku hiyo salamu yangu haiitikiwi, juzi watu wametengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachua ya majira ya baridi, pamoja na sisi hatukuitwa, Bibi, mimi niliwaheshimu, sijui niombe radhi kwa kosa gani, sijui nibaki au nihame, mizigo nimeifunga, nimeifungua, nimeifunga tena."

Pole, mwanangu. Sasa fungua masikio. Picha isiyo na rangi, fremu nyeusi, udi chini: hiyo ni meza ya nani? Ya maiti! Hujawahi kwenda msibani? Gwak kapasuliwa moyo mwezi wa tisa. Mkewe katoka kununua tofu, anamkuta mume keshakuwa marehemu ukutani! Na huyo Duy asijifanye mgeni, hata kwao wanajua udi huwashiwa nani. Heshima mnayo, ulimi wa kuuliza ndio mliousahau nyumbani. Mwaka mzima mnaishi hapa, hamjui nani alilazwa.

Lakini sikia. Jana Gwak kaja kula. Nikamchokoza, "Marehemu, nikuongeze wali?"

Akacheka hadi akakohoa. "Dada, yule mtoto kanitoa vizuri, kama nina miaka hamsini. Ile picha naitaka. Sijui tu nitaipitishaje kwa mama watoto."

Sisi wazee hupiga picha ya mazishi mapema, tukaihifadhi. Wanasema inaongeza umri. Lakini kabatini, mwanangu! Kabatini!

Basi fungua mizigo, na safari hii usiifunge tena. Zitoe picha zote leo kabla ya chakula cha mchana. Kila mzee mpelekee yake, imefungwa kitambaa, kwa mikono miwili. Anza na mke wa Gwak, upige magoti. Akikutukana nyamaza, akichoka atakuuliza kama umekula. Kisha jaza ukuta ule picha nyingine, za rangi, mafundi wameshika nyundo, meno nje. Hao wa hoteli wakija kupima, wawakute wako hai.

Jumamosi nachachua kabichi zangu themanini. Njoo na Duy, njoo na glavu za mpira, na kamera usiisahau. Mimi picha ya kabatini bado sina. Nitavaa hanbok, vazi langu la sherehe la zambarau, na ole wako unitoe bila rangi.