Gabari ya tundu la chukudu

Jumamosi, saa tano za asubuhi. Mawingu yako chini, na majivu yanaanguka kidogo kidogo juu ya nguo nilizoanika.

Sasa hivi mutoto wangu Neema amelala kifudifudi, ameweka sikio kwenye sementi, akaniambia, "Mama, inakuya." Kweli, sufuria zikaanza kugongana. Ana miaka mitatu tu na ameshajua kusikiliza udongo.

Naogopa. Naandika hapa kwa telefone kwa sababu ndani ya nyumba siwezi kusema hivyo.

Tangu lava ishuke toka mulima wa moto, ardhi haitulii. Wanasema saa yoyote tunaweza kuambiwa tutoke Goma. Siku ile ya kwanza mume wangu alimubeba mama yake mugongoni kutoka hapa Ndosho, maana magoti ya mama mukwe hayatembei tena. Sasa mume wangu yuko Masisi. Alienda kutafuta mbao, waasi wakafunga barabara. Nimebaki na mama mukwe na mutoto.

Siwezi kubeba wawili.

Kwenye karakana mume wangu ameacha chukudu moja karibu kuisha, kile chombo cha mbao cha kusukumia mizigo, na mama mukwe anaweza kukaa juu yake. Magurudumu ya mbao yako, ubao wa kupakia uko. Kilichobaki ni tundu la mbele, pale usukani unapopita. Tundu hilo halitobolewi wima. Lazima lilale kidogo kuelekea nyuma, la sivyo kwenye muteremuko gurudumu linageuka na kumutupa mutu. Mume wangu analitoboa kwa jicho. Mimi kazi yangu ilikuwa kumushikia muti upande wa pili na kufagia. Na muti wa mbele ni mumoja tu. Nikikosea, hakuna mwingine.

Basi nikaamua kutengeneza gabari, kipande cha muti mugumu cha kuongoza kekee ili isiende inapotaka. Unakitoboa wima katikati, halafu unakata tako lake kwa mushazari. Ukikifunga juu ya chukudu kwa mupira wa tairi, kekee inaingia imelala yenyewe.

Lakini ilale kiasi gani?

Niliazima chukudu ya jirani yetu, Muzee Bahati, anayeshusha viazi kutoka Kibumba miaka yote na hajaanguka. Nikaiegemeza mbele yake ikitazama ukuta wetu wa mbao, nikapima kwa vidole usukani unauacha ukuta namna gani. Nikakata gabari. Nikajaribu kwenye kipande cha kutupa. Usukani ukasimama kama mulingoti wa bendera. Nikakata nyingine, ikawa vilevile. Nikalia kidogo, nikijificha Neema asinione.

Muzee Bahati alikuwa amekaa juu ya jiwe la lava, anakula muhogo.

"Mama Neema, hii ni chukudu ao ni kanisa? Unapima kama mutu anayejenga."

"Papa, chukudu yako ndiyo inanidanganya."

"Chukudu yangu hainywi pombe. Angalia nyumba yako."

Nilicheka. Halafu nikafunga jiwe kwenye kamba, nikaiteremusha toka juu ya ukuta. Juu kamba iligusa mbao. Chini iliziacha kwa vidole vinne.

Nyumba yetu imelala. Nilipimia ukuta ambao wenyewe umeinama, na ni mimi ninayeufuta vumbi kila siku. Nani anapima ukuta wa nyumba yake?

Upande wa pili, ule unaoinamia ndani, ndipo alipokuwa analala mutoto wangu. Nilienda kutoa mukeka wake, nikautandika karibu na mulango. Mama mukwe aliniuliza kuna nini. Nikamwambia hapa kuna hewa nzuri. Mungu anisamehe.

Gabari ya tatu nimeikata kwa kufuata kamba na jiwe, siyo ukuta. Asubuhi hii nimeifunga juu ya muti ule mumoja. Nilikuwa nimefika katikati, ardhi ikatikisika. Mikono niliiacha pale pale. Gabari haikusogea. Niliendelea kuzungusha polepole mpaka unga wa muti ukatokea upande wa chini.

Usukani umeingia. Umelala sawa na wa Muzee Bahati, nimepima mara tano.

Bado naogopa. Tundu zuri siyo safari. Sijui kama mbao itavumilia mutu muzima kwenye mawe ya lava, sijui kama mikono yangu itaweza kumuzuia kwenye muteremuko, na Neema nimemufunga mugongoni. Na mama mukwe mwenyewe hajakubali. Jana alisema yeye siyo gunia la makaa, tukimbie tumwache na rozari yake. Nimekusudia kupakia mawe kwanza, uzito kama wake, nizunguke nayo karakana, ndipo nimuombe tena kwa upole. Mume wangu akirudi akute tuko wote watatu, hilo tu ndilo

Mama mukwe ananiita. Sauti haitoki chumbani, inatoka inje, pale nilipoegemeza chukudu yetu. Muzee Bahati anamwambia ashike kwa nguvu, na mama mukwe, ameshakaa juu yake, anasema angoje kwanza mimi nikuye, ni mimi nitakayemusukuma, basi ngoja ni