Maji Matamu ya Kwenda Kikoneni

Msambweni, Jumamosi, Februari 1958. Jua kali tangu asubuhi, upepo mkavu, wingu hata moja halipo.

Ndugu zangu wanakamati, wenzangu katika madai ya haki! Nawahutubia humu shajarani kabla ya kuwahutubia kwa kinywa, kwa sababu baada ya sala ya isha nitakuja mbele yenu na habari ambayo hamtaipenda, na napenda kuipima kwanza hapa.

Mnajua yaliyo mbele yetu. Kesho baada ya adhuhuri tuna mkutano Kikoneni wa kudai shule ya kati kwa watoto wa upande ule wa bara. Kibali tumekihangaikia tangu nilipofika likizo kutoka chuoni Kampala, na kibali hicho ni cha kesho peke yake. Msemaji asipofika kwa wakati, askari watawatawanya watu, na kuomba upya ni kungoja hadi nitakapokuwa nimerudi masomoni.

Usafiri wetu ni mmoja: gari la Shangazi Mwanasha, lile la jeshi la zamani linalovuta kwa magurudumu yote manne, alilorithi kwa marehemu mumewe. Shangazi haendeshi, lakini hakuna anayeligusa bila ruhusa yake.

Leo nililikagua. Nilianza chini, kwa kufuta chumvi ya bahari iliyoshika kwenye springi, kisha nikatia grisi kila palipo na kichuchu cha kuipokelea. Plagi nilizisugua kwa msasa. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea, nikaukaza. Mpira wa maji ulikuwa na ufa, nikauzungushia ukanda niliokata kwenye mpira wa ndani wa tairi kuukuu, nikaufunga kwa waya. Hayo ni matengenezo ya kawaida na hayakunichukua muda.

Kisha nililiwasha, nikaliendesha hadi barabara kuu. Lilichemka kabla sijafika.

Sababu ilikuwa wazi nilipofungua kifuniko cha rejeta, lile sanduku la kupozea maji ya injini. Ndani palikuwa peupe kwa chokaa kama sufuria ya chai isiyosuguliwa. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, nasi tangu maji ya mvua yapungue tumekuwa tukilinywesha gari maji ya kisima. Nililoweka ukwaju wa Shangazi kwenye maji ya moto, nikaumimina ndani, nikaiacha injini ingurume polepole. Chokaa ilitoka vipande vipande. Nikasuuza mpaka maji yakatoka safi.

Sasa rejeta ilikuwa safi na tupu, na ilitaka maji matamu, yaani ya mvua. Nikiirudishia ya kisima, ule mpando wa kilima cha Kikoneni hautamalizika.

Kasiki la Shangazi, mtungi wake mkubwa wa maji ya mvua, lilikuwa limebaki na tope tu.

Nilikwenda msikitini. Birika la udhu la pale limejaa maji ya mvua ya mwaka jana, na funguo anazo Mwalimu Bakari, msimamizi. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya shule, ya wajibu wetu kwa kizazi kijacho, ya kibali. Alinisikiliza hadi mwisho huku akifagia ngazi.

"Maji haya ni wakfu," akasema. "Ni ya udhu na ya mwenye kiu. Gari lenu linatawadha?"

"Linabeba wagonjwa, Mwalimu. Limebeba hata jeneza."

"Basi kawaombe maji uliowabeba. Wakfu si wangu hata nikakupa."

Alisema kwa dhihaka, na mimi niliondoka nimekasirika. Nilipofika uani nilikuwa nimekwisha kumtii. Nilichukua debe, nikalisafisha, nikaanza kupiga hodi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwanakombo, ambaye mjukuu wake tulimpeleka hospitalini mwaka jana. Nilimpa shikamoo, nikaweka debe chini, nikaanza: "Bibi, katika safari hii ndefu ya umma wetu…"

"Marahaba, mwanangu. Wataka maji, au wataka kunihutubia?"

"Maji, Bibi."

"Basi sema maji."

Alichota kwa kata mara tatu kutoka mtungi ambao nilisikia kata ikigusa chini yake. Nikashukuru. Nikageuka niende.

"Na mimi nakaa wapi?"

"Wapi, Bibi?"

"Garini, kesho. Maji yangu yaende Kikoneni, mimi nibaki hapa nikiyawaza? Dada yangu kaolewa kule."

Nilimwahidi nafasi nyuma, upande wa kivuli.

Nikadhani ni yeye tu. Athumani fundi cherehani alitoa jagi moja, akataka akae mbele kwa kuwa gari humtia kichefuchefu. Mama Zuhura alitoa maji aliyomwekea mtoto, akasema atakuja na mtoto mwenyewe. Bwana Mohamedi, aliyepata kuniambia barazani kwamba mikutano ni kazi ya vijana wasio na mashamba, alitoa maji birika zima la shaba. Nilimuuliza kama naye atapanda.

"Nitapanda," akasema. "Nataka nione kama utaongea maneno mengi hivyo mbele ya askari."

Wapo walioninyima, na sikuwalaumu. Februari kila nyumba inajua kina cha mtungi wake.

Kufika alasiri debe lilitosha. Nilijaza rejeta polepole, Shangazi akishika taa ingawa jua lilikuwa bado juu, kwa kuwa hakuamini macho yangu. Nililiendesha hadi barabara kuu, nikapita, nikageuza mbali. Halikutoa moshi. Shangazi aliweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa, akasema, "Litapanda."

Kisha akahesabu walioahidiwa kwa vidole, akanitazama.

"Na ile kamati yako?"

"Ilikuwa iende na gari, Shangazi."

"Wana kaptula na miguu. Waliotoa maji ndio watakaopanda."

Ndugu zangu, nakiri hapa kwamba nilibisha. Nilisema msafara wa viongozi una heshima yake, kwamba tulikuwa tumepanga kuingia Kikoneni tumesimama garini na bendera yetu. Aliniacha nimalize kama Mwalimu Bakari alivyoniacha. Mwishowe nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Mwezi mzima nimelalamika katika kurasa hizi kwamba watu wa mtaa wetu hawaji mikutanoni. Kesho wanakuja. Wanakuja wamekalia viti vyetu.

Kwa hiyo, ndugu, tangazo ni hili. Tutakutana uani kwa Shangazi mara tu baada ya sala ya alfajiri, kila mtu na baiskeli yake na pampu. Katibu atabeba bendera. Mweka hazina atabeba chupa mbili za maji ya akiba, nayo ni ya gari, hayanywewi. Mimi nitaondoka na wasikilizaji wetu jua likishapanda. Nikiwapita mpandoni msinipungie mkono nisimame. Bi Mwanakombo ameniapia kwamba hatasogea kumpisha mtu.